Wiki sita za kujifunza kutulia: tathmini ya darasa la jioni mjini Moshi

Kwa wiki sita mfululizo, kuanzia mwanzoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, nilikuwa nikifunga duka mapema kila Jumanne ili niwahi darasa la kutuliza hisia na kukabiliana na msongo wa mawazo, linaloendeshwa na kituo kimoja cha ushauri nasaha katikati ya mji wa Moshi. Ada ni shilingi 90,000 kwa vipindi sita, na kila kipindi kimepangwa kuchukua saa moja na nusu. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa katika haya ninayoyaandika yamo malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa wahusika wenyewe kwa maandishi. Ninachotaka ni kumpa mtu anayefikiria kulipia darasa la aina hii, liwe la Moshi au la Arusha, picha ya kile atakachokipata na maswali ya kuuliza kabla hajatoa fedha zake.

Nianze na kilichonipeleka huko. Nina duka la vifaa vya ujenzi, na pembeni yake kibanda cha uwakala wa fedha za simu ambacho humwachia mtoto wa dada yangu. Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili, na Ijumaa kwangu ndiyo siku ya marejesho ya kikoba, tulifunga hesabu jioni tukakuta floti imepungua shilingi 340,000. Kijana aliniambia kwa utaratibu, "Mama mdogo, tuangalie kwanza meseji za mchana," lakini mimi sikuwa na masikio tena. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wanne na fundi bomba aliyekuja kununua gundi, kisha nikarusha kikokotoo kikagonga rafu ya misumari. Haikupita robo saa tukaiona meseji: fedha nilikuwa nimezihamisha mwenyewe saa saba mchana kwenda kwenye laini ya pili, ili nimhudumie mteja aliyetaka kutoa kiasi kikubwa. Kijana hakusema neno. Alikiokota kikokotoo, akakifuta vumbi kwa shati lake, akaniwekea mezani. Kesho yake nilianza kuulizia washauri.

Mazingira ya darasa si ya kusifiwa sana. Ukumbi ni wa kukodi, ghorofa ya kwanza, wenye viti vya plastiki na madirisha yasiyofunga vizuri, na chini yake kuna karakana ya seremala ambaye huwa hazimi randa yake ya umeme mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo nusu saa ya kwanza ya vipindi viwili vya mwanzo tulifundishwa utulivu kwa kupigiana kelele. Tulikuwa washiriki 14, wengi wetu watu wa makamo: walimu, wauguzi, madereva wa watalii, mama lishe mmoja, na sisi wafanyabiashara.

Ubora mkubwa wa darasa, na sababu ya mimi kuandika kwa kirefu badala ya kulalamika tu, ni mpangilio wake. Mshauri, dada mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kutuhubiria hata mara moja, alitutangazia tangu siku ya kwanza kwamba tutaanza na mwili na kwamba maneno yatasubiri hadi kipindi cha nne. Alitueleza alichokiandika Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, mwaka 1915, kuhusu namna mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia pale unapohisi hatari: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, ini hutoa sukari, na damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa. Mtu aliye katika hali hiyo ukimwambia atulie atafakari, unamwomba jambo ambalo mwili wake umeshaliahirisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile sentensi ya kijana kuhusu meseji, yenye busara kuliko yote iliyosemwa dukani jioni ile, ilinipita kama upepo.

Zoezi la kwanza lilikuwa la pumzi. Lilinishangaza kwa urahisi wake, maana nilizoea kuambiwa "vuta pumzi ndefu", na sasa nikafundishwa kwamba kazi kubwa inafanywa na pumzi inayotoka. Tuliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, tukayatafuta mapigo, tukasikiliza. Ukivuta hewa mapigo huharakisha kidogo, ukiitoa polepole hupungua, na tofauti hiyo unaweza kuisikia kwa vidole vyako mwenyewe bila kifaa chochote. Kinachofanya hivyo ni neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, iitwayo vagasi, ambayo hufanya kazi kama breki ya moyo. Kipimo tulichopewa ni kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, ambayo ni pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida huvuta kati ya 12 na 20. Nilifanya huku nikiitazama saa ya ukutani. Dakika ya kwanza niliona upuuzi, ya pili nikapiga miayo, na ya nne nikagundua kwamba mabega yangu, ambayo sikujua kuwa nilikuwa nimeyapandisha, yalikuwa yameshuka.

Jambo moja alilisisitiza mshauri hadi tukachoka kulisikia: zoezi hili lifanywe kila siku mara mbili, dakika tano tano, wakati mtu hana tatizo lolote. Anayelisubiri hadi siku ya ugomvi hulikuta halipo, sawa na mtu anayeanza kutafuta funguo za kizimamoto wakati bati limeshashika moto. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha mafunzo yote, na ndicho ambacho washiriki wengi hawakukifanya. Kila Jumanne tulipoulizwa nani amefanya zoezi la nyumbani, mikono iliyonyooshwa haikuzidi mitano, nami kwa wiki mbili za kwanza sikuwa miongoni mwao.

Kilichonifurahisha zaidi ni beseni. Mshauri alileta mabeseni manne, akatueleza kwamba mtu akizuia pumzi na kuzamisha uso kwenye maji baridi, hasa sehemu ya macho na mashavu, mwili hupunguza mapigo ya moyo kwa namna ileile inayotokea kwa wanyama wanaopiga mbizi. Alikuwa amebeba barafu kwenye chupa ya chai, lakini haikuhitajika, kwa sababu anayejua Moshi ya Juni, mlima ukiwa umefunikwa na mawingu siku nzima, anajua maji ya bomba ya saa kumi na mbili jioni yakoje. Aliwatenga kwanza wenye matatizo ya moyo na presha, akawaambia wasifanye bila kumwuliza daktari. Akina mama tuliokuja na mitandio, na wale waliokuwa wametengeneza nywele siku hiyohiyo, tulitazamana tukidhani tumekwama, lakini yeye alishajua: alitoa vitambaa vya pamba, akavilowesha, akatuambia tujifunike kuanzia kwenye paji la uso hadi mashavuni kwa nusu dakika. Mwalimu anayefikiria habari ya nywele za wanafunzi wake anastahili sehemu ya ada yake kwa hilo peke yake. Dukani kwangu sasa kuna kitambaa kama hicho kwenye jokofu la soda.

Mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli, ambayo Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, aliyaandikia kitabu mwaka 1929, yalipewa nusu kipindi tu, nami naona yalistahili zaidi. Unakaza ngumi kwa sekunde tano hivi, unaachia, unausikiliza mkono unavyopata joto, kisha unahamia kwenye mabega, taya, tumbo na miguu. Kwa mtu anayesimama nyuma ya kaunta kutwa, taya ndiyo inayobeba siku nzima.

Kipindi cha tatu kilikuwa kibovu, na hapo naweka lawama yangu ya kwanza. Mshauri alisafiri, akaachiwa darasa kijana msaidizi, ambaye alitugawia mito na kutuamuru tuipige huku kila mmoja akimfikiria aliyemuudhi, "ili hasira itoke". Tuliipiga kwa bidii, tukacheka, tukatokwa jasho. Nilipotoka hapo niligombana na konda wa daladala kwa sababu ya chenji ya shilingi 100. Nilidhani kasoro ni yangu mpaka niliposoma baadaye kwamba Brad Bushman, mwanasaikolojia wa Marekani, alilijaribu jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2002: watu waliopiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewakosea walibaki na hasira nyingi zaidi, na walikuwa wakali zaidi, kuliko waliokaa tu kimya dakika chache bila kufanya lolote. Hasira si maji ya kwenye ndoo kwamba ukiyamwaga yanaisha. Simlaumu sana kijana, kwa sababu imani hiyo imeenea mno, lakini kituo kinachotoza ada hakina udhuru wa kufundisha jambo ambalo lingefundishwa bure na mlevi yeyote wa mtaani.

Kipindi cha nne kiliyafidia yote. Mshauri aliandika ubaoni neno moja, "hasira", akatuomba tulipasue vipande. Baada ya dakika 20 ubao ulikuwa umejaa: hamaki, ghadhabu, mori, chuki, kinyongo, uchungu, wivu, fedheha, fadhaa. Mwalimu mstaafu, ambaye wote tulimwamkia shikamoo kila tulipoingia, alisimama akatetea kwamba hamaki haifanani na ghadhabu hata kidogo, kwani hamaki hulipuka na kuzimika, ilhali ghadhabu hupanda taratibu na hukaa. Na kinyongo, alisema, ni hasira iliyolala bila kuvua viatu. Muuguzi mmoja alikumbusha kwamba neno uchungu tunalitumia pia kwa mama anayejifungua, na kwamba katika hali zote mbili mtu asiachwe peke yake chumbani. Sijapata kukaa katika mjadala wa lugha ya Kiswahili uliokuwa na manufaa kama ule, na haukuwa hata darasa la lugha.

Sababu ya zoezi hilo tuliambiwa. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba watu walipotazama picha za nyuso zenye hisia kali na kuzipa hisia hizo majina, shughuli katika amigdala, ile sehemu ndogo ya ubongo inayoshughulika na hatari, ilipungua. Lakini kwangu ushahidi ulikuwa daftari langu. Tulitakiwa kuandika tukio moja na kulipa jina sahihi. Niliandika habari ya floti, nikaweka "hasira", nikaikata. Nikaweka "hofu", kwa sababu shilingi 340,000 zisingepatikana nisingeweza kurejesha kikoba jioni ile. Nikaitazama hofu nayo, nikaona chini yake kuna neno la tatu, fedheha, maana kwenye kikundi chetu majina ya wasiorejesha husomwa mbele ya wote, na mimi ndiye mweka hazina. Nilimwita kijana mwizi kwa kuogopa kuitwa mdaiwa. Mshauri alisoma, akaniuliza swali moja tu: je, hofu hiyo ya kila Ijumaa inatibiwa kwa pumzi? Haitibiwi. Wiki hiyohiyo nilianza kutenga fedha za marejesho kidogo kidogo tangu Jumatatu, kwenye laini isiyogusana na floti, na nusu ya ukali wangu wa mwisho wa wiki ukaondoka bila zoezi lolote. Madarasa mengi ya aina hii, kwa ninavyosikia, humfundisha mtu kuvumilia jambo ambalo angeweza kulibadilisha. Hili lilijua tofauti, na kwa hilo nalisifu bila kusita.

Lawama ya pili ni nzito kuliko ile ya mito. Fomu ya kujiandikisha iliuliza jina, namba ya simu na namna ya kulipa, basi. Hakuna aliyetuuliza kama tumewahi kupatwa na ajali, kufiwa karibuni, au kama tunatumia dawa. Katika kipindi cha pili, tulipoambiwa tufumbe macho na kufuata pumzi, mshiriki mmoja, ambaye habari zake sitazieleza zaidi ya hapa, alianza kutetemeka na kuhema. Kwa watu waliopitia mambo mazito, kufumba macho na kuusikiliza mwili kunaweza kuirudisha ile hofu badala ya kuituliza. Mshauri alilimudu jambo hilo vizuri: alimfumbua macho, akamwambia akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, akamwomba ataje vitu vitano anavyoviona, naye akavitaja kimoja kimoja, feni, dirisha, kiti cha bluu, mkoba, ubao, hadi pumzi ikakaa sawa. Hata hivyo maswali matatu kwenye fomu yangeweza kumwepusha na aibu ile mbele ya watu 13. Nimeambiwa kwamba fomu itabadilishwa.

La tatu linanihusu mwenyewe. Katika kipindi cha tano mshauri, akitaka kutoa mfano, alisimulia habari za "mfanyabiashara mmoja aliyemwita mtoto wa dada yake mwizi". Jina hakulitaja, lakini nilikuwa nimekwisha kuwasimulia wenzangu wawili tulipofanya mazoezi kwa makundi, na vichwa viwili viligeuka kunitazama kwa pamoja. Moshi ni mji ambao ukinunua mfuko wa saruji Kiboriloni asubuhi, jirani yako wa Soweto anakuuliza jioni unajenga nini. Siri katika mji wa namna hii inahitaji kulindwa kwa makubaliano ya maandishi, ya washiriki na ya mwalimu. Nilipoandika barua, niliombwa radhi baada ya siku mbili, kwa lugha ya kiungwana, nami nimeridhika na radhi ingawa sijasahau.

Sehemu iliyobaki ya kipindi hicho ilihusu usingizi na vinywaji, na ilipita haraka. Katika mji unaonukia kahawa haikuwa rahisi kuambiwa kwamba nusu ya kafeini ya kikombe cha saa kumi jioni inaweza kuwa bado imo mwilini saa tatu usiku, wala kwamba mbege na bia humlaza mtu mapema kisha huuvuruga usingizi wake wa alfajiri. Tulipewa pia kazi ya kutembea kwa miguu bila simu. Mimi na wenzangu wawili tulichagua msitu wa Rau Jumamosi moja, tukatembea chini ya miti mirefu, tukawatazama mbega wakiruka juu yetu, na tuliporudi nilikuwa na njaa ya kweli, jambo ambalo lilikuwa halijanitokea tangu Aprili.

Kuhusu bei, kila kipindi kinakaribia thamani ya mfuko mmoja wa saruji dukani kwangu, na kwa kiwango cha mshauri si ghali. Lakini mama lishe aliyekuwa nasi aliacha baada ya kipindi cha tatu kwa kushindwa kumalizia ada, na yeye ndiye aliyekuwa akifanya zoezi la nyumbani kila siku. Mshauri mwenyewe alitusimulia habari za Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, ambaye mwaka 2006 alianza kuwafundisha bibi 14 wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati, na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja katika lile ambalo Washona huliita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kituo kinachoyajua hayo kingeweza kutenga angalau nafasi mbili za bure kila awamu.

Kwa hiyo ningemshauri nani alipe? Mtu mwenye hasira za karibu, mwenye biashara inayomkaba, mwalimu anayerudi nyumbani na ukali wa darasani, hao watapata thamani ya fedha zao, mradi wafanye mazoezi nyumbani na waulize mapema nani hasa atafundisha kila wiki. Asiyelala kwa majuma, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayewaza kujidhuru, huyo hahitaji beseni wala ubao. Aende hospitalini bila kuchelewa, hata akianzia Mawenzi, na asione haya kusindikizwa.

Mimi nimejaribiwa mara moja tangu tulipomaliza. Fundi mmoja alinirudishia mifuko miwili ya saruji iliyoganda, akidai nilimuuzia hivyo, wakati mifuko yenyewe ilikuwa na alama ya maji ya paa linalovuja. Nilisikia taya ikikaza. Nilimwomba dakika moja nikatazame daftari, nikaenda nyuma ya nondo, nikatoa pumzi sita, nikarudi. Hatukupatana, sikumrudishia fedha naye aliondoka amenuna, lakini hakuna kilichorushwa, na usiku nililala. Kijana alikuwa kwenye kibanda chake akitazama yote. Tangu siku hiyo amejipa kazi ambayo sikumwajiri kwayo: akiona nimeanza kuinuka shingoni, husema bila kuondoa macho kwenye simu, "Mama mdogo, mabega," nami huyashusha, siku nyingine kwa kunung'unika.